Kiranja ni Mtumishi wa Wenzake

Kila mwaka, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokwisha, kwa kawaida mwezi Septemba, shule za msingi za Tanzania hushuhudia mambo mawili. La kwanza huonwa na kila mtu. Wazazi hukusanyika katika uwanja wa shule, ngoma hupigwa, kwaya huimba, risala husomwa mbele ya mgeni rasmi, na wanafunzi wa darasa la saba huagwa kwa vigelegele. La pili hupita kimya kimya. Viranja wanaoondoka huwakabidhi wadogo zao kazi walizokuwa wakizifanya: kengele hupata mpigaji mpya, ufunguo wa stoo ya majembe hupata mwekaji mpya, na daftari la zamu za usafi huanza kuandikwa kwa mwandiko mwingine.

Jambo hili la pili linastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Ndani ya makabidhiano hayo madogo umo msingi wa utawala wa watu. Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu hupewa dhamana juu ya wenzake, huishika kwa muda uliowekwa, kisha huiachia bila ya kinyongo. Wako watu wazima wengi, katika vyama vya ushirika, katika vilabu vya michezo na hata katika ofisi kubwa, ambao hadi leo hawajajifunza hatua hiyo ya mwisho.

Shule ya msingi ndiyo jumuiya ya kwanza ambayo mtoto huingia bila ya kuzaliwa ndani yake. Nyumbani amezungukwa na wazazi, ndugu na jamaa, nao humvumilia kwa kuwa ni damu yao. Shuleni hali ni nyingine. Mtoto wa mkulima huketi dawati moja na mtoto wa mwenye duka, mtoto wa mganga wa zahanati hugawana kitabu na mtoto wa mfugaji, Mwislamu na Mkristo huchota maji kwa ndoo moja, na Kiswahili huwaunganisha wote waliotoka katika nyumba zenye lugha mbalimbali. Hapo ndipo mtoto anapotambua kwa mara ya kwanza kwamba mtu asiye ndugu yake ana haki juu yake, na kwamba yeye naye ana haki juu ya mtu huyo. Uraia hauanzi kwa kadi ya kupigia kura. Huanzia hapo.

Anayetaka kuiona jumuiya hiyo ikiwa kazini na afike shuleni alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza. Katika shule nyingi za vijijini kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori lililochakaa, iliyoning'inizwa mtini, nayo ikigongwa husikika hadi ng'ambo ya bonde. Watoto huwasili na ndoo za maji kichwani na mafagio mkononi. Wadogo huokota majani na karatasi, wakubwa hudeki madarasa na kusafisha vyoo, wengine humwagilia bustani ya mchicha na miche iliyopandwa msimu wa mvua. Kisha mistari hupangwa, kucha na sare hukaguliwa, wimbo wa Taifa huimbwa na matangazo hutolewa. Yote hayo hufanyika mara nyingi chini ya usimamizi wa mwalimu mmoja tu wa zamu. Shule yenye mamia ya watoto haiwezi kwenda mwendo huo kwa macho ya mtu mmoja. Huendeshwa na watoto wenyewe.

Kazi ya viranja ni nyingi kuliko wazazi wanavyodhani. Kiranja wa afya ndiye anayejua kwamba ndoo ya kunawia mikono imetoboka, na ndiye anayemsindikiza nyumbani mdogo aliyeshikwa na homa. Kiranja wa chakula husimama kando ya sufuria la uji na kuhakikisha kwamba mtoto wa darasa la kwanza aliye mwisho wa mstari anapata kikombe kilichojaa sawa na cha aliye mbele. Kiranja wa mazingira hujua ni miche mingapi iliyopandwa na mingapi imeliwa na mbuzi. Kiranja wa michezo hutunza mpira na kuwaandaa wenzake kabla ya mashindano ya UMITASHUMTA. Kiranja wa darasa hukusanya madaftari, hugawa vitabu visivyotosha, na hujua nani hajaonekana kwa siku tatu na kwa sababu gani.

Habari hii ya mwisho ina thamani isiyopimika. Mara nyingi ni mtoto mwenzake anayejua, kabla ya mwalimu na kabla ya mtendaji wa kijiji, kwamba msichana fulani haji tena shuleni kwa kuwa anaandaliwa kuozwa, au kwamba mvulana fulani ameajiriwa kuchunga ng'ombe wa watu. Kiranja anayeaminiwa na wenzake huipata habari hiyo mapema na kuifikisha panapohusika. Kiranja anayeogopwa haipati kamwe. Kwa hiyo, suala la namna viranja wanavyochaguliwa na kulelewa si jambo dogo la kuachiwa mwalimu wa nidhamu peke yake. Linagusa maisha ya watoto.

Maisha haya ya jumuiya hayakuzuka yenyewe. Mwezi Machi mwaka 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alizichambua kasoro za elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Elimu hiyo ililenga watu wachache, ilimtenga mwanafunzi na jamii iliyomzaa, ilimfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa waliosoma, na iliwaondoa vijana wenye nguvu katika kazi za uzalishaji mali. Dawa aliyoipendekeza haikuwa kuongeza kipindi cha kilimo katika ratiba. Alitaka shule iwe jumuiya kamili, yenye maisha ya kiuchumi na ya kijamii pamoja na ya masomo. Wanafunzi walime, na pia washiriki kuamua walime nini. Wavune, na pia washiriki kuamua mavuno yatumike vipi. Wafanye kazi, na pia waione hesabu ya jasho lao. Mwalimu hakusahau kwamba watoto wanahitaji kuongozwa na wakubwa, lakini alijua kwamba mtu hajifunzi kuamua kwa kuamuliwa kila kitu.

Mwaka 1971 fikra hiyo ilijaribiwa katika kijiji cha Kwamsisi, wilayani Handeni, mkoani Tanga, kwa ushirikiano wa wanakijiji na Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Shule ikawa shule ya jamii, masomo yakafungamanishwa na shughuli za kijiji, na ukuta uliokuwa ukiwatenganisha mwalimu na mkulima ukaanza kubomolewa. Mwezi Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwisho wa mwaka 1977, badala ya kungoja hadi mwaka 1989 kama ilivyopangwa awali. Wananchi walifyatua matofali, walikata nguzo, walichota maji na kuezeka mapaa. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi za Tanzania Bara hawakufika nusu milioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamezidi milioni tatu.

Historia hiyo yafaa ikumbukwe kwa sababu moja kubwa. Shule ya msingi katika nchi hii ilijengwa kwa mikono ya watu wanaoizunguka, nao waliijenga kwa kuwa waliambiwa, tena wakaamini, kwamba ni mali yao. Mtoto anayefagia uwanja wa shule leo anafagia mahali ambapo huenda babu yake alibeba mawe. Shule isiyomkumbusha mtoto jambo hilo humfanya afikiri kwamba anafanya kibarua cha mtu mwingine.

Hata hivyo, kusifu bila ya kutaja kasoro ni kuwadanganya watoto. Ziko shule ambamo neno kiranja huwatia wadogo hofu. Kiranja huzunguka na fimbo mkononi. Huandika majina ya wapiga kelele, na orodha hiyo huwa mali yake binafsi: rafiki hufutwa, na aliyekataa kumgawia andazi huongezwa. Wadogo humchotea maji na kumbebea mkoba. Yeye hafagii, kwani anasema kazi yake ni kusimamia. Uji unapogawiwa hapangi mstari. Mtoto huyu hakuzaliwa na tabia hiyo. Amefundishwa na wakubwa waliompa fimbo na kwenda zao.

Juu ya jambo hili sheria haina utata. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinampa madaraka hayo mkuu wa shule peke yake, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, tena viboko visizidi vinne. Kiranja hayumo katika kanuni hizo. Mwalimu anayemkabidhi mwanafunzi fimbo ili awachape wenzake anavunja kanuni za nchi mbele ya macho ya watoto walewale anaowafundisha kutii sheria.

Chimbuko la mtindo huo ni la zamani. Shule ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kwa ajili hasa ya watoto wa machifu, ili ipatikane safu ya vijana wa kuwasaidia wakoloni kutawala. Kijana Julius Nyerere aliingia shuleni hapo mwaka 1937. Waandishi wa maisha yake wamesimulia kwamba walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba kijana huyo alikuwa mpole mno. Kwa mkoloni, upole na uongozi havikupatana, kwa kuwa kuongoza maana yake ilikuwa kuwabana watu. Historia ilimjibu. Kijana aliyeonekana mpole mno kuongoza shule moja ndiye aliyeliongoza Taifa hadi Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 bila ya vita, na mwaka 1985 akang'atuka katika urais kwa hiari yake mwenyewe.

Ndiyo maana Mwongozo wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wajeuri, wenye majivuno na wenye kuwadharau wanaowaongoza. Kukemea huko hakukuwahusu mawaziri na wakuu wa mikoa pekee. Mtu hawi mjeuri siku anapokabidhiwa ofisi. Huja na ujeuri wake akiwa ameukuza kwa miaka mingi, na mara nyingine mbegu yake ilipandwa siku alipopewa fimbo katika darasa la sita na kuona kwamba wenzake wanamkimbia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nchi inayotaka viongozi wanaojua kwamba cheo ni dhamana haina budi kuanza kuwakunja wangali wakibeba ndoo.

La kwanza linalopasa kuangaliwa ni namna ya kuwapata viranja. Katika shule nyingi bado huteuliwa na walimu, na sifa zinazotazamwa ni umbo kubwa, sauti nene na kushika namba ya kwanza darasani. Hakuna ubaya katika sifa hizo, lakini hakuna hata moja inayothibitisha kwamba mtoto anawajali wenzake. Wanafunzi wenyewe wanajua. Wanajua nani hugawana kalamu, nani husema kweli hata ikimponza, na nani husubiri zamu yake. Wapewe nafasi ya kuchagua kwa kura ya siri, baada ya wagombea kusimama mstarini na kueleza watafanya nini. Walimu wabaki na kazi yao ya kuongoza, kuhakikisha kwamba hakuna anayenunua kura kwa pipi, na kulinda haki ya mnyonge.

Wasichana wasisahauliwe katika jambo hili. Shule nyingi zina kaka mkuu na dada mkuu, lakini kaka mkuu ndiye husoma risala na kukutana na wageni, wakati dada mkuu huachiwa usafi wa vikombe na kupanga maua mezani. Mgawanyo wa namna hiyo huwafundisha wavulana na wasichana somo baya bila ya kutumia chaki. Shida nyingi zinazowaondoa wasichana shuleni, tangu choo kisicho na mlango hadi njia ya hatari ya kurudi nyumbani jioni, huelezwa vizuri zaidi na msichana mwenye mamlaka ya kuzieleza. Vivyo hivyo kwa watoto wenye ulemavu. Shule ambayo miongoni mwa viranja wake yumo mtoto anayetembea kwa magongo huona mapema kwamba ngazi za darasani zinahitaji njia ya mteremko.

La pili ni hesabu. Hapa pana jeraha la zamani linalohitaji kusemwa waziwazi. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa chuo cha kujitegemea. Katika shule kadha wa kadha, hasa kadiri miaka ya hali ngumu ya uchumi ilivyoendelea, liligeuka kuwa mahali pa adhabu kwa wachelewaji, au chanzo cha mahindi ambayo watoto waliyalima lakini hawakuambiwa yalikwenda wapi. Si ajabu basi kwamba wako watu wazima leo ambao wakisikia neno kujitegemea hukumbuka jembe na jua kali tu. Walilima nusu ya somo. Nusu ya pili, yaani kuamua na kuhesabu, hawakufundishwa.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji fedha za kigeni. Mavuno yakipimwa, viranja wawepo na waandike idadi ya debe. Yakiuzwa, bei itangazwe mstarini. Fedha zikitumika kununua mpira, chumvi ya makande au bati la kuziba paa linalovuja, hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa mwandiko ambao mtoto wa darasa la nne anaweza kuusoma. Mwalimu wa hesabu atapata mifano ya kujumlisha na kutoa iliyo bora kuliko ya kitabu chochote. Na mtoto aliyezoea kuona hesabu ya magunia matatu ya shule yake hatakubali, akiwa mtu mzima, kufichwa hesabu ya kijiji chake.

La tatu linawahusu wazazi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na tangu Januari 2016 milango ya shule ilifunguka kwa watoto wengi waliokuwa wamezuiwa na umaskini. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka hata wakazidi milioni 10 mwaka 2019. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini wako wazazi walioelewa kwamba elimu bila ya malipo ni elimu bila ya mzazi. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulieleza kwamba mzazi bado ana wajibu wake, kama vile sare, madaftari na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Mtoto aliyetembea kilomita nyingi asubuhi bila ya kutia kitu tumboni hasikii somo la saa tano. Anachokisikia ni njaa.

Pale ambapo wazazi wameketi katika mkutano wa kijiji na kukubaliana kwa hiari kila kaya itoe kiasi gani cha mahindi na maharage, na kamati ya shule ikasimamia vizuri, sufuria huinjikwa kila siku na mahudhurio hupanda. Pale ambapo kila mmoja anamtazama mwenzake, stoo hubaki tupu. Tofauti ya vijiji hivyo viwili mara nyingi si utajiri. Ni imani. Mzazi hutoa debe lake la mahindi anapojua kwamba litafika kwenye sufuria, na shahidi mwaminifu kuliko wote ni mwanawe anayerudi jioni na kumweleza kwamba wamekula. Kwa njia hii kiranja wa chakula anayegawa kwa haki huwa ndiye anayeijaza stoo, ingawa hana ghala wala shamba.

Wako watakaosema kwamba watoto hawawezi mambo haya, kwamba wakipewa sauti watakuwa wakaidi na nidhamu itavunjika. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, kwa maana walimu wanafanya kazi katika mazingira magumu. Darasa moja huweza kuwa na watoto mia moja au zaidi, na mwalimu aliyechoka huona fimbo ya kiranja kuwa msaada wa haraka. Lakini nidhamu ya fimbo hudumu kwa muda ambao mwenye fimbo yupo. Akigeuka, kelele hurudi. Nidhamu ya makubaliano hubaki hata mwalimu akienda kuchukua mshahara wake mjini. Kila mwalimu mzoefu amewahi kulikuta darasa lililokuwa likiendelea na zoezi kimya bila ya mtu mzima ndani yake, na anajua kwamba darasa hilo lilikuwa na kiranja wa aina gani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Haki hiyo haitimizwi kwa kumpa mtoto kipaza sauti mara moja kwa mwaka, tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ili asome risala iliyoandikwa na mwalimu. Hutimizwa kwa kikao cha kila mwezi ambamo viranja huwaeleza walimu waliyosikia kwa wenzao, na kikao kinachofuata huanza kwa kueleza lipi limetekelezwa na lipi halikuwezekana, na kwa nini. Jibu la kweli la hapana hufundisha zaidi kuliko ndiyo ya uongo.

Aidha, isisahauliwe kwamba kiranja ni mwanafunzi. Ziko shule ambazo kwa upungufu wa walimu humgeuza kiranja kuwa karani, tarishi na mlinzi, mpaka yeye mwenyewe anakosa vipindi. Huo ni unyonyaji hata kama umefunikwa kwa sifa. Utumishi wa mtoto uwe na mipaka, zamu zibadilishwe, na kazi zigawanywe kwa wengi. Jambo hili litakuwa na uzito zaidi kadiri Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, inavyoendelea kutekelezwa. Sera hiyo imekusudia elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Maana yake ni kwamba viranja wa siku zijazo watakuwa wadogo zaidi kwa umri kuliko waliozoeleka, na watahitaji malezi ya karibu zaidi ya walimu wao.

Basi kila upande una la kutenda. Walimu wakuu wazinyang'anye fimbo mikono ya watoto, waweke kura mahali pa uteuzi wa upendeleo, na wafungue vitabu vya mapato na matumizi. Kamati za shule ziwasikilize viranja angalau mara moja kila muhula. Serikali za vijiji na mitaa zihakikishe kwamba suala la chakula cha watoto halikosekani katika ajenda za mikutano yao. Wazazi wafike shuleni kabla ya siku ya mahafali, na wamwulize mtoto swali lingine baada ya lile la alama alizopata: leo umemsaidia nani?

Na watoto waliochaguliwa mwaka huu waelezwe ukweli kuhusu kazi waliyopewa. Waambiwe kwamba watafagia zaidi kuliko wenzao, watakunywa uji wa mwisho, na watalaumiwa hata pale wasipokosea. Waambiwe kwamba siku itafika ambapo watatakiwa kumwambia mwalimu jambo asilopenda kulisikia, na kwamba waliseme kwa adabu lakini waliseme. Waambiwe pia kwamba mwaka utakapokwisha watautoa ufunguo wa stoo mfukoni na kumpa mwingine, majembe yakiwa kamili. Watoto watakaoyafanya hayo yote wanastahili vigelegele vya kijiji kizima.